Baiskeli kwenye barabara za vumbi, mbali na magari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Limuru, na kwa miaka kadhaa sasa kila Jumamosi asubuhi huongoza watu wachache wa baiskeli kwenye barabara za murram, yaani za udongo na kokoto, zinazopita kati ya chai, misitu na vijiji. Maswali ni yale yale. Mengine huja kwa simu usiku wa kuamkia safari, mengine mtu huniuliza palepale tunapokutana, ameshikilia baiskeli aliyoiazima kwa jirani. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mengi yanahusu Kenya, maana huku ndiko ninakokujua kona kwa kona.

Hivi kweli Kenya kuna njia za baiskeli zisizo na magari kabisa?

Zipo, ila ni chache. Msitu wa Karura ni mmojawapo: gari linaishia maegeshoni, na kutoka hapo ni miguu na baiskeli tu. Hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha, magari yanaingia, lakini si mengi na yanakwenda polepole. Kwingine kote, kwenye mashamba ya chai, pembezoni mwa misitu na huko vijijini, utapata barabara ambayo saa nzima hupitwi na kitu ila bodaboda mbili na mkokoteni wa punda. Hizo ndizo ninazoziita barabara tulivu, na ndizo nyingi.

Lakini barabara kukosa magari si kukosa watu. Murram unayoifurahia Jumamosi ndiyo anayopita mtoto kwenda shule Jumatatu, ndiyo ya mama aliyejitwika kuni, ndiyo ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Ukishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

Nchi nyingine zimegeuza reli za zamani kuwa njia za baiskeli. Sisi tunazo?

Mfano maarufu uko New Zealand. Reli ya Otago Central ilifungwa mwaka 1990, na kufikia mwaka 2000 njia yote ya kilomita 152 kati ya Middlemarch na Clyde ilikuwa imefunguliwa kwa baiskeli na waendao kwa miguu. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia hiyo hupanda taratibu mno. Hata mtu asiye na mazoezi huimaliza kwa siku chache.

Kwetu barabara tulivu zilizaliwa na kazi nyingine: kubeba magogo, kukusanya majani ya chai, kufikia vyanzo vya maji. Lori likiwa na gia nzito haliogopi kilima, basi waliochonga barabara hizi hawakukiogopa pia. Ukitoka kwenye bonde moja la chai kwenda jingine utashuka hadi kijitoni, halafu utapanda ukuta. Jiandae kwa hilo kabla hujahesabu kilomita. Kilomita 30 za Limuru zinachosha kuliko 60 za lami ya tambarare.

Niko Nairobi na sijapanda baiskeli tangu utotoni. Nianzie wapi?

Anzia Karura. Msitu una ukubwa wa hekta 1,000 hivi, barabara zake za udongo zimetunzwa, kuna vibao kwenye makutano, na baiskeli za kukodi zinapatikana humo humo. Ukichoka uko karibu na lango. Zipo njia nyembamba za waendao kwa miguu ambazo baiskeli haziruhusiwi. Fuata vibao, usibishane na walinzi.

Ukiwa pale, pumzika kidogo chini ya mti wowote na umkumbuke Wangari Maathai. Januari 1999 yeye na wenzake walikwenda Karura kupanda miti kupinga kugawanywa kwa msitu huo, wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Kila ninapompeleka mtoto pale kujifunza kushika breki, humwambia kwamba njia hii ipo kwa sababu kuna mwanamke aliyevuja damu kwa ajili yake.

Na mashamba ya chai ya Limuru? Naruhusiwa kupita?

Hapa ndipo nyumbani, kwa hiyo nivumilie nikienda kwa mapana.

Chai ya kwanza Kenya ilipandwa hapa Limuru mwaka 1903. Tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,200, na asubuhi ukungu hukaa juu ya chai hadi saa 3, wakati mwingine hadi saa 4. Barabara ni nyekundu, imebanwa kati ya kuta mbili za kijani zinazokufika kiunoni. Sauti utakayoisikia ni ya majani yakikatwa. Wachumaji hutembea kwenye mistari wakiwa wamejifunga plastiki kiunoni ili umande usiwaloweshe, kikapu mgongoni, na mikono inakwenda mbio kuliko macho yako yanavyoweza kufuata: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yanarushwa begani bila kugeuka.

Kuhusu ruhusa: barabara zilizo kati ya vijiji ni za umma, pita bila wasiwasi. Zilizo ndani ya mashamba makubwa ni mali ya mwenye shamba, hata kama hakuna uzio. Ukikuta kizuizi au mlinzi, shuka kwenye baiskeli. Usiongee naye ukiwa bado umekaa juu. Msalimie, "Habari ya kazi, mzee," mweleze unakotoka na unakokwenda, kisha umwache aamue. Mara nyingi atakupitisha. Akikataa, geuza. Nimeona watu wakijadiliana na mlinzi kwa dakika 20 na wakapitishwa, halafu Jumamosi iliyofuata yule mlinzi ameambiwa asipitishe mtu yeyote wa baiskeli. Ushindi wako wa leo unaweza kuwafungia wenzako njia kesho.

Jambo jingine ni lori za majani. Mchana majani yakishapimwa, lori huzunguka vituoni kuyakusanya, na barabara haina nafasi ya wawili. Dereva ana haraka kwa sababu majani yakikaa yanapoteza ubora. Ukilisikia, tafuta mwanya kwenye chai, inua baiskeli, simama pembeni hadi vumbi litue. Ni bora zaidi uwe umeshamaliza safari yako kabla ya saa 6 mchana.

Hell's Gate inafaa kwa safari ya siku moja?

Inafaa sana, na kwa mtu anayetaka kuona nyika akiwa juu ya baiskeli sijui mahali pengine Kenya pa kumwelekeza kwanza. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, na ni miongoni mwa hifadhi chache mno ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linaruhusu baiskeli. Malipo ya kuingia ni kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si pesa taslimu. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie wiki ile ile unayokwenda.

Usianzie Naivasha mjini. Barabara ya lami inayofuata ziwa upande wa kusini ina matatu na mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na pembeni hakuna nafasi ya kutosha. Panda matatu hadi njia panda ya Hell's Gate, ushuke hapo. Vijana wanaokodisha baiskeli wako pale pale. Kabla ya kulipa, izungushe gurudumu la mbele na la nyuma uone kama linayumba, bana breki zote mbili huku ukisukuma baiskeli, badilisha gia zote. Breki ya nyuma ikiteleza, omba nyingine, hawatachukia.

Kutoka Lango la Elsa hadi kwenye korongo la Ol Njorowa ni kilomita 8 hivi. Mara tu baada ya lango utauona Mnara wa Fischer, jiwe la volkano lililosimama peke yake kwa urefu wa mita 25, na pimbi wakiota jua miguuni pake. Kutoka hapo bonde linafunguka, majabali mekundu kushoto na kulia, na pundamilia wanakula majani mita chache kutoka kwenye gurudumu lako. Hawakimbii. Gari wangelitazama, wewe wanakuchukulia kama mnyama mwingine anayepita. Mara ya kwanza nilipopanda hapo nilisimama katikati ya barabara nikawasikia wakitafuna.

Barabara yenyewe ina mchanga mwepesi wa volkano na, sehemu nyingine, mawimbi madogo madogo kama mgongo wa bati. Kwenye mchanga weka gia nyepesi, kaa nyuma kidogo, endelea kukanyaga, na usiguse breki ya mbele. Kwenye mawimbi tafuta ukingo wa barabara, maana magari hupita katikati na ndiyo yanayoyachonga. Nenda lango linapofunguliwa alfajiri. Baada ya saa 6 mchana jua linakuwa kali, bonde halina kivuli, na mara nyingi utarudi ukipambana na upepo. Upande wa juu, kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, kuna lami na magari ya kazi, kwa hiyo kama unatafuta utulivu baki bondeni.

Korongo ni la kutembea kwa miguu na mwelekezi, baiskeli inabaki juu. Nalisema hili kwa uzito wote: wingu likiwa limetanda, hata kama limetanda mbali, usishuke. Maji huja ghafla kutoka mahali ambapo mvua huioni. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu ndani ya korongo hilo, na wengi wao walikwenda kutembea tu kama wewe.

Nikikutana na nyati?

Simama ukiwa mbali. Usipige kengele, usipige kelele, usijaribu kumpita haraka. Nyati aliye na kundi kwa kawaida atakutazama kisha ataendelea na majani yake. Wa kuogopwa ni dume mzee aliye peke yake. Subiri gari lije, mwombe dereva aende taratibu, nawe upite upande wa pili wa gari likiwa kati yako na mnyama. Twiga, swala na kongoni hawana neno. Ngiri hukatiza barabara bila taarifa, basi punguza mwendo ukimwona kichakani. Chakula usikile ukiwa umekaa nje penye nyani.

Hifadhi nyingine zenye simba, au misitu ya Aberdare na Mlima Kenya yenye ndovu, usiingie na baiskeli kwa sababu tu kuna barabara nzuri kwenye ramani.

Iten ni ya wakimbiaji tu?

Hapana. Barabara zile zile nyekundu wanazokimbilia mabingwa ni tamu kwa baiskeli, hasa upande wa msitu wa Singore. Ila Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombasa leo na ukapanda kesho, utapumua kama aliyekimbizwa. Jipe siku mbili tatu za kuzunguka pole pole. Na asubuhi makundi ya wakimbiaji hujaza barabara. Wako kazini, waachie njia. Ukisema "Chamgei", salamu ya Kikalenjin, utajibiwa na kundi zima.

Ni lazima niwe na baiskeli maalumu ya murram?

Si lazima. Baiskeli za siku hizi zenye usukani wa kupinda na tairi nene ni nzuri, nami ninayo, lakini bei yake ni ya kununulia ng'ombe wa maziwa. Baiskeli ya mlimani ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26, inafanya kazi hiyo vizuri. Unapoichagua usivutiwe na springi za mbele za bei rahisi. Ni uzito wa bure na zikifa hakuna anayezitengeneza. Tazama mambo matatu: breki zinazoshika, gia ndogo ya kupandia vilima, na fremu isiyo na ufa kwenye maungio.

Je, black mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma? Kuna mzee anayetupita kila Jumamosi kwenye kilima cha pili akiwa na mtungi wa maziwa wa lita 20 kwenye keria. Mashine ile haina gia hata moja. Imebeba nchi hii kabla ya pikipiki. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kule Busia, zilipokuwa zikivusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Ukiwa nayo, njoo nayo. Hakikisha tu vibao vya breki havijaisha, kwa sababu huko tunakokwenda kuna kushuka.

Tairi nijaze upepo kiasi gani?

Watu wengi hujaza kupita kiasi, wakidhani tairi ngumu ndiyo yenye mwendo. Kwenye lami sawa. Kwenye kokoto tairi ngumu hurukaruka, inakunyima mshiko kwenye kona, na mikono inakufa ganzi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya upana wa milimita 40 anatosheka na pauni 30 hadi 35 za upepo (psi kwenye kipimo). Tairi ya mlimani yenye upana wa inchi 2 inahitaji pungufu zaidi ya hapo. Kama huna kipimo, bana tairi kwa kidole gumba: libonyee kidogo, lisifike kwenye rimu. Mzigo ukiongezeka, ongeza upepo nyuma kabla ya mbele.

Usishushe mno kama unatumia tyubu. Ukigonga jiwe, rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo mawili, jua kosa halikuwa la mwiba.

Nikipata pancha mahali hakuna fundi?

Beba tyubu moja ya akiba, pampu ndogo, vibanio viwili vya kutolea tairi, na viraka vyenye solusheni. Kubadilisha tyubu ni dakika 10, jifunze nyumbani ukiwa umetulia.

Anayetaka kujua kuziba vizuri akae saa moja karibu na fundi. Wa kwetu sokoni anafanya kazi chini ya mwavuli uliochanika, beseni la maji ya matope mbele yake. Anaipitisha tyubu majini kidogo kidogo akiikunjua, hadi viputo vitoke. Anachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu ili asilipoteze. Anaikausha kwa shati lake, anakwaruza kwa tupa hadi mpira unakuwa wa kijivu, anapaka solusheni, halafu anaacha. Hapo ndipo sisi wengine tunapoharibu. Yeye anaacha, anaongea na mteja mwingine, anarudi kugusa kwa kucha, bado. Solusheni ikishakauka na kukoma kunata ndipo anapobandika kipande alichokikata kutoka kwenye tyubu ya lori, na anakigonga kwa nyundo juu ya chuma. Kisha, kabla ya kurudisha, anapitisha vidole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, taratibu. Siku ile niliyokuwa na pancha ya tatu kwa asubuhi moja alinionyesha kilichokuwa kikinitoboa: ncha ya mwiba wa mgunga, ndogo kama punje ya mtama, imekaa ndani ya mpira na huioni kwa nje. Tangu hapo sijarudisha tairi bila kulipapasa.

Mvua ikinyesha tunakwenda?

Inategemea udongo. Murram iliyoshindiliwa vizuri, yenye kokoto, inapitika hata kwenye manyunyu. Udongo mwekundu mtupu unakuwa sabuni. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, usiujaribu kabisa: unajizungushia kwenye tairi, unajaa kwenye fremu, na baada ya mita 50 magurudumu hayazunguki tena. Utabeba baiskeli begani, nayo itakuwa na uzito maradufu.

Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, angalia anga kwanza. Mwaka mmoja wa mvua nyingi nilishuka kilima cha nyuma ya Tigoni nikiamini barabara imekauka. Juu ilikuwa imekauka. Kwenye kona ya kivuli gurudumu la mbele likanitoka na nikaburuzika hadi kwenye mfereji. Mama mmoja mchumaji aliacha kikapu chake, akanisafisha goti kwa maji yake ya kunywa, akasema, "Pole mwanangu, hapo hata sisi kwa miguu tunashikana mikono." Tangu siku hiyo, baada ya mvua huuliza watu wanaotoka upande ninakokwenda. Hakuna ramani inayojua barabara kama mtu aliyetoka kuikanyaga.

Nibebe nini?

Maji lita 2 kwa asubuhi moja, zaidi kwa Hell's Gate. Helmeti. Koti jepesi la mvua. Chakula kidogo, ndizi na njugu zinatosha, kwa sababu mbele kuna kibanda cha chai na mandazi na ningependa ufike pale ukiwa na njaa. Simu yenye chaji na shilingi kadhaa mkononi, maana mtandao ukipotea M-Pesa nayo imepotea.

Nawezaje kusafirisha baiskeli kwa matatu?

Patana na kondakta kabla ya kitu chochote kuinuliwa, bei ya baiskeli kando na nauli yako. Toa gurudumu la mbele. Kama inawekwa juu, simama uone inavyofungwa, na upande wa cheni uangalie juu ili uzito wa baiskeli usiipinde mikono ya gia. Asubuhi mapema magari hayajajaa na makondakta wana subira.

Mimi ni mwanamke. Ni salama kupanda peke yangu?

Nimewauliza wanawake tunaopanda nao badala ya kujibu kutoka kichwani. Wanasema hivi: wawili ni bora kuliko mmoja, na kwenye misitu isiyo na walinzi asiende mtu peke yake, awe mwanamke au mwanamume. Chagua njia inayopita karibu na makazi. Mtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo kupitia simu, na mpangane saa ya kurudi. Mmoja wao huvaa kaptura pana juu ya suruali ya kubana anapopita vijijini. Anasema mazungumzo na akina mama yanakuwa mepesi. Mwingine havai, na mazungumzo yake pia ni mazuri.

Kuna adabu gani za barabara hizi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa nadra kuliko yote, na ningetaka liulizwe kwanza.

Salimia kabla hujamfikia mtu. Baiskeli haina sauti. Mzee anayetembea mbele yako hakusikii hadi umempita, na anashtuka. "Hamjambo" kutoka mita 20 inatosha, au kengele moja laini na salamu baada yake. Ukimpita mtu mwenye mzigo kichwani, wewe ndiye unayehama.

Ng'ombe na mbuzi: simama. Mchungaji ndiye anayejua watakwenda upande gani. Mara nyingi ni mtoto wa miaka 10, na atawapanga vizuri ukimpa nafasi. Ukijipenyeza katikati yao wanatawanyika kwenye shamba la mtu, na kipigo ni chake.

Watoto watakukimbilia wakipiga kelele. Punguza mwendo, wagonge viganja, ila usiwarushie peremende. Wakizoea kukimbilia magurudumu kwa ajili ya peremende, siku moja litakuwa gurudumu la lori. Picha, omba kwanza. Bomba la maji la mtu si la kuoshea baiskeli yako. Na nunua kitu: chai, mahindi ya kuchoma, parachichi. Kijiji kinachokuona kila Jumamosi ukipita mbio bila kusimama hakina sababu ya kukuokoa siku utakapoanguka.

Mnatumia ramani gani?

Programu za simu za Komoot na Strava zinasaidia, na data za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, unaweza kuzipakua ukatumia bila mtandao. Kumbuka tu kwamba mstari mwembamba kwenye ramani unaweza kuwa barabara, unaweza kuwa mfereji. Tazama picha za setilaiti kabla ya kuamini.

Kuna mbio za barabara za vumbi Afrika Mashariki?

Zipo. Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 kwenye nchi ya Maasai Mara, siku nne za murram, mawe na mito. Mmoja wa walioibeba ndoto hiyo ni Suleiman Kangangi, tuliyemwita Sule, Mkenya aliyetaka vijana wa hapa washindane na dunia bila kuondoka nyumbani. Agosti 2022 alianguka kwenye mbio za aina hiyo hiyo jimboni Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, wengi wetu tulimtaja.

Nje ya Kenya mngenishauri wapi?

Rwanda, bila kusita. Njia ya Congo Nile inafuata Ziwa Kivu kwa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, na watu wengi huimaliza kwa baiskeli katika siku 5. Kiswahili kitakufikisha mbali, hasa miji ya mpakani. Tanzania, panda Usambara kutoka Lushoto kuelekea Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na chini yako kuna tambarare ya Mkomazi.

Njia mliyotupitisha mwaka jana imewekwa lami. Hamsikitiki?

Nasikitika, kisha nakumbuka ni barabara ya nani. Wakati wa masika nimeona gari lililobeba mama mjamzito likisukumwa na watu 12 kwenye tope, kwenye kilima kile kile ambacho mimi nakisifu. Siwezi kumtakia tope ili mimi nipate utulivu. Ninachokitaka, na ninachokisema kila panapokuwa na mkutano wa wananchi, ni kwamba lami ije na njia ya pembeni ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mara nyingi haiji. Mtoto aliyekuwa akitembea katikati ya murram bila hofu sasa anatembea kwenye ukingo wa mfereji huku matatu ikimpita kwa kasi.

Kule Kivu barabara mpya ya lami ilijengwa kando, na sehemu nyingi za ile ya zamani ya udongo zimebaki kwa watu, mbuzi na baiskeli. Kwa hiyo inawezekana.

Jumamosi mnaanza saa ngapi?

Saa 12:30 asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Njoo dakika 15 kabla tupime upepo wa tairi zako. Atakayekuwa wa mwisho kupanda kilima tunamsubiri juu, na saa 4 tunakuwa kwenye kibanda cha chai, kabla lori za majani hazijaanza kuzunguka.